New Orleans 2020: kupandisha ujira au kuleta wafungwa?

Mei 2020, korona ikiwa imepamba moto, vibarua wa kuzoa taka New Orleans, Marekani, waligoma. Ndio wale wanaodandia nyuma ya lori: wanashuka mbio, wanamwaga pipa, wanadandia tena. Walilipwa dola 10.25 kwa saa. Wakadai 15, posho ya hatari na vifaa vya kujikinga.

Kuwapandishia ujira kungeongeza gharama, hilo halina ubishi. Lakini unabaki na watu wanaoijua mitaa kichochoro kwa kichochoro, na wenye ubavu wa kusema lori hili bovu, haliendi popote.

Njia iliyochukuliwa ni ya pili: wafungwa wanaoruhusiwa kufanya kazi nje ya gereza. Taka zinazolewa, mwajiri anapumua. Ila mfungwa hukatwa sehemu ya ujira wake, na akigoma anaweza kurudishwa ndani. Utaambiwa naye anahitaji kazi. Kweli, ila si hii ya kuvunja mgomo wa maskini mwenzake. Waliogoma walibeba mabango yenye maneno yaleyale ya wazoa taka waliogoma Memphis, mji mwingine wa Marekani, mwaka 1968: “Mimi ni mtu.” Mimi ningelipa hizo 15.