Biskuti au minyororo ya karatasi: watoto wafanye nini wiki ya Krismasi?

Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani. Biskuti ndizo zinazowavuta zaidi: unga wa ngano gramu 250, siagi 125, sukari 100, hiliki kidogo, basi. Oveni si lazima. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka trei ndogo juu yake, funika, kisha mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko na kidogo tu chini. Ukigeuza hesabu hiyo, zitaungua chini huku juu zikiwa bado mbichi. Mtoto wa miaka 4 anaweza kukanda na kukata maumbo kwa kikombe cha kahawa, ila motoni asimame mtu mzima. Na bei ya siagi, tusidanganyane, si mchezo.

Minyororo ni karibu bure: kurasa za madaftari yaliyokwisha, mkasi, na gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito. Kata vipande vya sentimita 20 kwa 3, bandika pete, pitisha nyingine ndani yake. Ukikatika, unabandika tena.

Watoto wakiwa wengi na wadogo, mimi naanza na karatasi. Biskuti zisubiri mkesha, maana zikiokwa mapema hazifiki sikukuu.