Tundra siku nne, Vanguard kila siku

Nianze kwa kukiri, mi ni mgonjwa wa pikapu. Ikipita dabo kebini imenyanyuliwa, tairi pana, shingo inageuka yenyewe. Kwa hiyo mwaka jana tulipokubaliana na mke wangu kwamba IST, kigari chetu kidogo, haitutoshi tena (watoto watatu, mama mkwe kahamia kwetu, dada wa kazi, na sisi wawili, piga hesabu mwenyewe) kichwani kwangu jibu lilishakuwepo, kilichobaki ni kumshawishi yeye tu.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana Toyota Tundra, pikapu kubwa ya Kimarekani, ya 2014 alishusha kutoka Dubai, injini lita 5.7 V8 (silinda nane), na alikuwa anatafuta mtu wa kumuuzia. Akaniambia shem usiniamini mdomo, chukua funguo kaa nayo siku nne ndo uje tuongee.

Siku ya kwanza sitaki kudanganya, nilikuwa mfalme. Ukiwasha pale Goba majirani wanachungulia. Umekaa juu unaona paa za bajaji, na kwenye makorongo yetu yale ya baada ya mvua inapita kama hakuna kitu, ina fowili (tairi zote nne zinasukuma) ya kweli yenye gia ya chini, sio ya kuandikwa nyuma ya mlango. Cha ajabu zaidi daladala walikuwa wananipisha. Daladala! Na kiti cha nyuma unakunja nne, watoto waligoma kushuka.

Siku ya pili nikaenda nayo Kariakoo, hapo ndo nikajua najidanganya. Ile gari ina urefu wa mita 5.8 na upana mita 2 na kidogo kabla hujahesabu vioo, nikaingia mtaa wa Swahili nikakutana na guta limebeba vitenge, nyuma yangu Canter, kila mtu anapiga honi, na mi usukani uko kushoto sijui hata upande wa kulia nimebakiza nini. Nilitoka pale jasho linanitiririka na AC iko mwisho. Nikaenda kuiacha Mnazi Mmoja nikarudi kwa miguu kununua vitu viwili vya elfu kumi.

Hilo la usukani watu wanalichukulia poa. Hizi Tundra zinatengenezwa Texas, kule San Antonio, kwa ajili ya watu wanaoendesha upande mwingine wa barabara. Hapa kwetu kila geti lenye mashine ya tiketi unashuka au unamtuma abiria, kulipia daraja la Kigamboni vilevile. Na kuovateki malori kule kwenda Chalinze ni kumuuliza wa pembeni "vipi panafaa?" halafu unaomba Mungu awe ameangalia vizuri. Mke wangu aliniambia mi sio tanboi wako.

Ila kilichoniua ni Jumapili. Tunaenda kanisani, wote tumevaa, mama mkwe kashikwa mkono kapandishwa (ngazi ile ni mlima kwa mtu wa miaka sabini), watoto wameingia, mdogo kapakatwa, dada anauliza mimi nakaa wapi. Kimya. Gari inakaribia mita sita na inabeba watu watano! Shemeji kwenye simu anasema si apande nyuma kwenye bodi, nikamwambia wewe unataka trafiki anikamue kabla ya sadaka. Dada akapanda bodaboda.

Nikajitetea, basi mzigo. Natengeneza kajumba Kisarawe, saruji itabebwa na nini. Nikasoma kile kistika cha mlangoni, uwezo wake hiyo ya milango minne yenye nafasi kubwa ni kama kilo 700 hivi, na hapo watu mliokaa ndani mnahesabiwa humohumo. Toa mimi na fundi inabaki kama mifuko kumi na moja ya saruji, wakati Hilux ya kawaida inabeba tani moja. Nguvu yake kubwa ni kuvuta, inavuta zaidi ya tani nne, Wamarekani wanafungia boti na nyumba za matairi. Mi boti sina, labda wale wenzetu wa Msasani.

Mafuta nisiseme sana maana inauma. Vipimo vya kwao Marekani mjini ni maili 13 kwa galoni, ambayo ni kilomita tano na nusu kwa lita, na hiyo hawajaijua foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni.

Najua kuna mtu atasema kwanini usichukue Hilux yenye usukani kulia yakaisha. Niliangalia. Japani Toyota waliacha kuuza Hilux kwao kuanzia 2004 mpaka 2017, kwa hiyo zile za miaka hiyo haziji kwa wingi kutoka minadani kama IST na Vanguard, nyingi zinatoka Thailand, Uingereza au Sauzi, na bei haishuki ng'o. Na bado ni watu watano palepale.

Basi tukachukua Toyota Vanguard ya siti saba, ya 2010, cc 2400, kwa mtu hapahapa Dar. Huu ni mwezi wa nane tunayo. Urefu mita 4.57, yani fupi kuliko Tundra kwa zaidi ya mita nzima na bado inabeba watu wawili zaidi, sijui wale wahandisi wa Texas walikuwa wanawaza nini. Mama mkwe anaingia kwa kukaa tu, hapandi. Kwenye foleni napata kilomita nane kwa lita, nikitoka kwenda Bagamoyo inafika kumi na moja. Spea Gerezani unachagua dukani kama nyanya, mpya, yuzdi, feki, shauri yako.

Lakini sio malaika. Siti za nyuma kabisa ni za watoto, mtu mzima ukimweka pale magoti yanagusa kidevu, na ukizinyanyua buti inabaki ya kuweka mkate na ndala, kwenda Moshi lazima karia juu. Fowili yake ni ya kusaidia tu, kuna kilima kimoja Goba masika nimeshindwa nikarudi kinyumenyume mbele za watu. Gia boksi ya hii ya 2400 ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), inataka oili yake yenyewe, fundi akikwambia "oili zote sawa" ondoa gari hapo haraka. Na hizi injini za 2AZ, ndo hiyo ya cc 2400, hasa za miaka ya 2006 mpaka 2009, zinajulikana kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, kwa hiyo kabla hujatoa hela omba gari ukae nayo wiki, pima oili kwa kile kijiti chake Jumatatu, pima tena Jumapili. Yangu inapunguza kidogo, naongezea.

Saruji ya Kisarawe nimebeba kwa Kirikuu, kile kipikapu kidogo, mara mbili na Canter mara moja, mwaka mzima. Mara tatu! Ndo nilitaka kununua V8 kwa ajili ya hizo mara tatu.

Tundra bado ipo kwa shemeji, haijapata mteja. Juzi kanipigia, Jumamosi wana sendofu na wageni wake wako saba, anaomba Vanguard. Nimempa, ila nimemwambia airudishe oili ikiwa kwenye alama.