Mwendokasi au daladala: nauli yako ya Dar inakununulia nini?

Habari zenu, karibuni tena. Kwenye video zilizopita tumechambua simu, majiko ya gesi na mafriji. Leo nachambua kitu ambacho wengi wetu hapa Dar tunakinunua kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, kuliko bidhaa nyingine yoyote. Ni usafiri. Ukimpa mtu nauli yako, unapata nini hasa?

Naanza na mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Yalianza kubeba abiria Mei 2016, na nauli ya mwanzo ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Kimara mpaka Kivukoni ni kama kilomita 16, halafu kuna tawi la Gerezani kwa watu wa Kariakoo na tawi la Morocco linalokatia Magomeni. Hapo hela yako inanunua njia kwanza, basi baadaye. Wenye magari yao wamesimama foleni Manzese, wewe unapita katikati ya barabara, huna habari nao. Tena kwenye vituo vingi kuna njia ya pili ya kupitana, kwa hiyo basi la ekspresi halizuiwi na lile linalosimama kila kituo. Waliochora kitu hiki walikaa wakafikiri, na mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa sababu ya mradi huu. Tuzo ile tuliistahili.

Kuna ubora mwingine ambao sisi wenye miguu mizima tunaupita tu. Sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko usawa mmoja. Mzee mwenye mkongojo anaingia bila kupanda ngazi. Mtu wa kiti cha magurudumu anaingia. Linganisha na daladala: ngazi ya kwanza iko juu, gari halijatulia, konda anakushika mkono anakwambia "anza na mguu wa kushoto, wa kushoto mama," na unatakiwa uruke huku gari linatambaa. Kwa kijana si kitu. Kwa mama yangu mwenye magoti yanayouma, hiyo ngazi moja inaamua kama siku hiyo atatoka nyumbani au atabaki.

Sasa kasoro, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Njia ipo, mabasi hayatoshi. Simama Kimara saa 1 asubuhi, au Gerezani saa 11 jioni, uangalie mlango wa basi unavyofunguka. Watu hawaingii, wanaingizwa. Mabegi yote yamehamia kifuani, mikono iko juu ya mifuko kwa hofu ya wezi, viatu vinavuka vyenyewe. Mjamzito akiona ule msukumano anarudi nyuma mwenyewe, anasubiri basi lijalo, na lijalo nalo liko vilevile. Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu ile sakafu niliyoisifia ilijengwa kwa ajili ya huyo huyo aliyerudi nyuma.

Ndiyo maana watu wakikwambia mwendokasi ni dakika chache tu kufika mjini, waulize wameanza kuhesabia wapi. Anza kuhesabu unapofunga mlango wa nyumbani. Weka bodaboda ya kukufikisha kituoni, weka foleni ya tiketi, weka mabasi mawili yaliyokupita yamejaa. Muda wote uliouokoa barabarani unaweza kuuacha hapo hapo kituoni.

Halafu kuna Jangwani. Karakana ya mabasi ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mto huo unateremka na mchanga mwingi unaojaza mkondo wake. Mvua kubwa ikinyesha maji yanafurika, barabara inafungwa, na mji unakatika vipande viwili. Imebidi lijengwe daraja refu zaidi kuvuka bonde hilo, na nadhani lilipaswa kutangulia mabasi yenyewe.

Daladala je? Sifa yake kubwa ni kwamba inafika. Goba, Chanika, Segerea, mitaa ambayo mradi mkubwa haujaigusa, kosta inaingia. Una ndoo ya samaki kutoka Feri, una kiroba cha mkaa, mtaelewana na konda. Mfanyabiashara mdogo wa mji huu anaishi kwa daladala, na anayetaka ziondolewe zote barabarani aniambie kwanza yule mama wa samaki atapita wapi.

Lakini muielewe bidhaa yenyewe inavyoendeshwa. Gari ni la tajiri. Jioni tajiri anataka hesabu yake, na inayobaki baada ya mafuta ndiyo riziki ya dereva na konda. Mengi yanayotuudhi yanatoka hapo: gari kusubiri mpaka lijae, kisha kukimbizana na lenzake, kisha kukatisha ruti na kuwashusha abiria njiani kwa sababu upande wa pili hakuna watu. Mwanafunzi naye analipa nauli ndogo ya wanafunzi na nafasi anayochukua ni ileile ya mtu mzima, kwa hiyo anaachwa kituoni na sare yake mpaka saa ya kipindi cha kwanza inapita. Ukimfokea konda unapoteza pumzi. Hesabu ya tajiri itabaki palepale, na mtoto ataachwa tena kesho.

Na bei ya siti nayo muijue. Jioni, ukitaka kukaa, unalivizia gari kituo kimoja au viwili kabla halijafika mwisho, unageuza nalo. Unalipa nauli mara mbili. Kwa hiyo nauli iliyoandikwa pale mlangoni ni ya kusimama.

Hukumu yangu sasa. Kama saa zako ni za kubadilika, unatoka saa 4 asubuhi na kurudi saa 8 mchana, chukua mwendokasi bila kusita. Wakati huo hakuna usafiri wa umma barabarani humu unaoukaribia. Kama unaingia kazini saa 2 kamili, panga kuamka mapema zaidi ya unavyodhani, na uijue daladala moja ya akiba. Kama una mzigo au unaishi mbali na barabara kuu, daladala ndiyo yako.

La mwisho ni kwenu mnaotafuta chumba. Dalali atakupeleka Jumamosi mchana, kituo kitupu, basi linakuja na siti zipo, atakwambia "hapa usafiri siyo shida." Usitoe kodi ya miezi sita siku hiyo. Rudi Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi, peke yako, usimame pale kituoni na ujaribu kupanda.