Malimau ya Marikiti na figo langu: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Naendesha tuktuk hapa Mombasa, na kwa miaka mingi nilikuwa sinywi maji kazini ili nisisumbuke kutafuta choo. Jua la mwezi wa pili mnalijua. Jasho linakauka mgongoni, mkojo unatoka kidogo, umekolea kama chai ya rangi. Usiku mmoja nikashikwa ubavuni, maumivu yakateremka mpaka kwenye kinena, nikawa kukaa siwezi, kulala siwezi. Picha ikaonyesha jiwe la milimita 4 limeshaliacha figo, liko njiani. Lilitoka lenyewe siku ya tano.

Daktari alinipa masharti: nipunguze chumvi, ninywe maji mpaka mkojo wa siku ufike lita mbili na zaidi, na ninywe maji ya limau. Nilimuuliza kwa nini limau. Akasema ule ukali wake ni asidi ya sitriki, ambayo mwilini huwa sitrati, na sitrati inapokuwa nyingi kwenye mkojo huikamata kalsiamu isishikane na oksalati, kemikali nyingine iliyomo kwenye mkojo. Mawe mengi ya figo ni hizo mbili zilizogandana. Lakini jiwe la aina hiyo likishakuwa gumu, limau haliliyeyushi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanauziwa chupa za “kuvunja mawe” kwa bei ya kuumiza, na mgonjwa anachelewa kwenda hospitali.

Nilianza vibaya. Nilinunua juisi ya limau ya chupa dukani, nikanywa wiki mbili kabla sijasoma maandishi ya nyuma: maji, sukari, halafu ndiyo limau. Mtu mwenye mawe hahitaji sukari ile. Sinunui tena.

Sasa naenda soko la Marikiti asubuhi kabla abiria hawajawa wengi. Mara ya kwanza nilikuwa nachagua makubwa yanayong’aa, mama muuzaji akanishika mkono. “Hayo ni maganda, mwanangu. Lipime. Zito ndilo lenye maji.” Akanipa dogo, ganda laini, limeanza kuwa manjano, na kweli lilikuwa zito kiganjani kuliko lile kubwa. Nikifika nyumbani nayabingirisha mezani kwa kiganja kabla ya kuyakata, yanatoa maji zaidi. Manne yananipa kama nusu kikombe. Nachuja mbegu, nagawa kwenye chupa mbili za lita moja, najaza maji, naziweka chini ya kiti. Sukari sitii. Malimau yakiadimika natumia ndimu, asidi ni ileile.

Kilichoniuma ni meno. Mwezi wa tatu maji baridi yakawa yananichoma. Nilikuwa nanywa kidogo kidogo siku nzima, halafu napiga mswaki papo hapo nikidhani nasafisha. Daktari wa meno akanionyesha kwenye kioo jinsi meno ya mbele yalivyopoteza mng’ao: asidi inalainisha gamba la jino, na mswaki unalikwangua likiwa bado laini. Siku hizi nanywa kwa mrija, nasukutua kwa maji matupu, mswaki nasubiri saa nzima. Kuchoma kumepungua, ila kilicholika hakirudi. Ningependa mtu angeniambia hili siku ya kwanza.

Nimepigwa picha mara mbili tangu hapo na hakuna jiwe jipya. Siwezi kulipa limau sifa yote, maana maji nayo nimeyaongeza na chumvi nimepunguza. Lakini najua kwamba maji matupu ya vuguvugu ndani ya tuktuk nisingeyamaliza lita mbili, na haya ya limau nayamaliza kabla ya magharibi.

Mke wangu ana vidonda vya tumbo. Alijaribu siku mbili, kiungulia kikampanda usiku kucha. Yeye chupa yake ni ya maji tu.