Vinkubala, meka na matabishi: asubuhi yangu soko la Mzee Kabila, Lubumbashi

Jumamosi iliyopita shangazi alishuka kutoka Likasi, akaniambia hataki kupelekwa dukani, anataka soko. Saa mbili asubuhi tulikuwa soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila, pale katikati ya mji. Nalijua tangu siku nilizokuwa nikimbebea bibi kikapu, na hadi leo pesa yangu ya chakula sioni pa kuipeleka pazuri zaidi.

Nendeni mapema. Jua likiwa bado halijachoma mabati, unasimama mbele ya meza bila kusukumwa, unaongea na muuzaji kwa utulivu. Baadaye pusupusu, mikokoteni ya kusukumwa, zinaanza kupita na magunia, unasikia tu "Njia! Njia!" nyuma ya miguu yako.

Mimi huenda moja kwa moja upande wa vyakula vikavu. Harufu inakupokea kabla hujaona kitu: kapenta (dagaa wakavu), samaki wa moshi, karanga. Na vinkubala. Kwa asiyejua, hao ni viwavi wa msituni. Watu huwaokota kwenye miti ya miombo wakati wa mvua, huwakamua matumbo, huwachemsha na kuwaanika, ndiyo maana tunawala hata kiangazi. Usivinunue kwa macho. Shika kimoja, ukivunje. Kilichokauka vizuri kinakatika "ka!" Kikijikunja kama mpira, kina maji ndani, na nyumbani kitaota ukungu kabla hujakipika. Kisha chukua kiganja kimoja, kitikise juu ya karatasi. Mchanga ukidondoka mwingi, jioni utausikia kwenye meno. Mama ninayenunua kwake hakasirishwi na hayo yote. Alimsogezea shangazi sinia: "Mama, vunja weye mwenyewe." Shangazi akavunja vitatu, cha nne akakitafuna.

Sasa meka. Ndicho kipimo chetu cha unga na maharagwe, na ugomvi mwingi wa sokoni unaanzia hapo. Mwaka jana niliibiwa, sina neno lingine. Hakuwa mama huyu, wala haikuwa soko hili. Ni muuzaji mmoja niliyesimama kwake mara moja tu nikirudi nyumbani. Kopo lake lilikuwa limegongwa chini hadi tako likaingia ndani. Kwa juu linajaa, hata kilima kinasimama. Nilipoumimina unga ule kwenye meka ya mama yangu, ulikosa vidole viwili kufika ukingoni. Niliumia sana. Sisi ni watu tisa nyumbani, na bila unga wa mahindi hakuna bukari, yaani ugali. Bila bukari, kwetu watu hawajala. Tangu siku hiyo, kabla mtu hajanipimia, naomba kopo, naligeuza, natia mkono ndani. Anayekataa namwachia unga wake.

Bibi alikuwa akituambia kwamba babu alipokuwa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, unga ulitoka kazini kama posho, yeye sokoni akitafuta mboga na samaki tu. Leo nyumba nzima inasubiri meka. Magunia ya unga ya Zambia yakikwama Kasumbalesa, pale mpakani, bei inapanda na mezani tunaiona. Mji huu ulianza mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika, na mpaka sasa mama wa nyumba akitaka kujua wiki ijayo watakula nini, anauliza habari za kusini.

Muuzaji akishapima, omba matabishi, yaani nyongeza ya bure. "Mama, ongeza kiloko." Si aibu, wala si kumsumbua. Mama yetu wa vinkubala hata hakungoja shangazi amalize kusema. Alichota kiganja kizima akakitupia juu. Kwa ajili ya kiganja kile narudi kwake kila mwezi.

Bebeni franka za kutosha. Mkienda na dola, ziangalieni kwanza nyumbani: noti yenye mpasuko mdogo tu ukingoni haipokelewi. Kambisti, wabadilisha pesa, wapo, lakini hesabu pesa ukiwa bado mbele yake, noti kwa noti.

Tulimalizia na kipande cha chikanda, kitafunwa cha mizizi ya porini na karanga, tukakila tumesimama, pilipili ikimtoa shangazi machozi. Jioni shangazi alivipika vinkubala mwenyewe. Aliviloweka katika maji ya uvuguvugu, akaviosha mara mbili, akavikaanga na kitunguu kingi, nyanya akaziweka mwishoni ili visilegee. Tulipoanza kula tulinyamaza wote, tukisikiliza meno. Mchanga haukuwepo.