Helmeti za pikipiki Kariakoo: ipi ununue, ipi uiache

Kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki, helmeti zote zinang'aa, na muuzaji atakuapia kwamba zote ni orijino. Achana na rangi. Ingiza mkono ndani, vuta kitambaa pembeni, tazama kilichofichwa chini yake.

Za nusu kichwa, zile nyepesi ambazo bodaboda wengi humpa abiria, tunazipa alama ya chini kabisa. Mara nyingi ndani mna sponji laini tu inayobonyea kwa kidole gumba. Sponji kazi yake ni helmeti ikae vizuri, kishindo haikizuii. Kinachozuia ni povu gumu jeupe, kama lile linalokinga televisheni ndani ya boksi, lenye unene wa sentimita 2.5 hivi. Likigongwa linajifinya, na huko kujifinya ndiko kunakopunguza nguvu inayofika kwenye ubongo. Lisipokuwepo, umenunua ganda tupu.

Tunayoipendekeza ni ya kufunika uso mzima, yenye povu hilo na alama ya ECE, yaani kiwango cha usalama wa helmeti cha Umoja wa Mataifa. Stika ya nyuma isikudanganye, maana stika inachapishwa popote. Soma lebo iliyoshonwa kwenye kamba ya kidevuni: duara lenye E na namba ya nchi iliyoidhinisha (E3 ni Italia), kisha tarakimu zinazoanza na 05 au 06, yaani toleo la kiwango hicho. Baada ya mkwaju (/), herufi P maana yake kinga ya kidevu imepimwa. NP maana yake ipo lakini usiitegemee. Kwa kiwango cha 05 helmeti hugongeshwa kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 3.

Saizi ndiyo inayowaponza wengi. Pitisha futi kamba juu ya nyusi kuzunguka kichwa, kisha ununue kwa sentimita hizo. Ivae, funga kamba ibaki nafasi ya vidole viwili, halafu isukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka paji la uso, mrudishie muuzaji. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini, na inasikitisha mno kwamba za abiria nyingi zina kifungo kibovu au kamba iliyopigwa fundo. Abiria naye ana fuvu lilelile. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi ulikuta helmeti hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo bodaboda anunue mbili za kiwango kimoja.

Usiisafishe kwa petroli, inayeyusha povu. Maji na sabuni yanatosha. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni, kinatoboa povu kidogo kidogo. Ikishagonga lami ukiwa umeivaa, haifai tena hata kama ganda halina ufa. Kata kamba zake kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa ikauzwa upya.