ROG Zephyrus G14 ya 2024: nyembamba, tamu, ila uliza wati kwanza

Oya wadau, mambo vipi. Leo mezani tuna Zephyrus G14 ya ASUS, toleo la 2024, na najua wengi mmekuwa mkiniulizia laptopu ya gemu ambayo haikai kwenye begi kama tofali, basi hii hapa, kilo moja na nusu, unene milimita 16 hivi, kioo inchi 14, bodi aluminiamu, ukiifungua ofisini bosi atajua uko bize na Exceli.

Sasa naanza na kitu ambacho wauzaji wengi hawakwambii. Hii niliyonayo ina RTX 4070, yaani GPU, chipu ya Nvidia inayochora picha za gemu, zipo pia za 4060 na 4050, na mtu akishasikia 4070 anaona mambo yameisha. Tulia kwanza. Nvidia wamewaachia watengeneza laptopu uhuru wa kuilisha hiyo GPU umeme kuanzia wati 35 mpaka 115, halafu juu yake kuna Dynamic Boost, nyongeza ya umeme inayoazimwa kwa CPU, ule ubongo wa laptopu, kwa hiyo laptopu mbili zina stika ileile ya 4070 ila moja inaikimbiza nyingine vibaya mno. Humu mwisho wake ni wati 90. Na kinachouma zaidi, G14 ya 2023, ambayo ilikuwa nene kidogo tu na nzito kidogo tu, 4070 yake ilikuwa inafika wati 125. Yaani wamekupunguzia gramu 150 hivi za kubeba, ukalipa kwa wati 35. Mi naona hiyo biashara inamfaa mtu wa kutembea nayo kila siku, mwanachuo, mtu wa kuediti video, lakini kama laptopu yako haitoki chumbani, unalipia wembamba wa nini?

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, nayo hivyohivyo. Ile ya 2023 ilikuwa na sloti moja unaongeza mwenyewe, hii yote imechomelewa kwenye bodi, ukinunua ya GB 16 umeoa, hakuna kuongeza. Kama mfuko unaruhusu chukua GB 32 mapema. SSD, ile diski ya kuhifadhia mafaili, angalau unabadilisha, sloti ni moja.

Haya tuje kwenye utamu, na utamu wenyewe ni kioo aisee. OLED, yaani kila pikseli inajiwakia yenyewe, 2880 kwa 1800, hezi 120, nyeusi yake ni nyeusi kweli, ukiingia kwenye Cyberpunk usiku mvua inanyesha mataa yanawaka utasahau kama unadaiwa kodi. Ila hesabu kidogo hapa: hicho kioo kina pikseli mara mbili na nusu ya kioo cha kawaida cha 1080p, na inayozibeba zote ni GPU ileile ya wati 90 yenye VRAM, kumbukumbu yake yenyewe, ya GB 8. Kwa hiyo gemu nzito usilazimishe rezolusheni yote, shusha mpaka 1920 kwa 1200 au washa DLSS, ujanja wa Nvidia wa kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa AI, fremu zinapanda na macho yako kwenye kioo kidogo hivi wala hayatalalamika. Magemu mepesi, mpira, Valorant, hayo inateleza tu. Lakini kioo kinang'aa, ukikaa karibu na dirisha mchana unajiangalia sura.

Spika ziko sita, na bila utani sijasikia laptopu nyingi za saizi hii zikitoa sauti hivi.

Joto sasa. Mi niko Dar, chumba hakina AC, na ukiweka modi ya Turbo feni zinapiga kelele mpaka aliye chumba cha pili anauliza kuna nini, na ile sehemu ya juu ya kibodi inachemka kwelikweli maana ni chuma. Inua nyuma kidogo ipate hewa, vaa hedifoni, maisha yaendelee. Halafu kuna hili, sikiliza vizuri: kwenye CPU wamepaka metali ya maji, siyo ile pesti nyeupe ya kawaida. Metali hiyo inapitisha umeme na inakula aluminiamu, kwa hiyo fundi akikwambia tuifungue tubadilishe pesti, muulize kwanza kama anajua kilichomo, akisita beba laptopu yako ondoka.

Betri ni Wh 73. Kazi za kawaida inakaa vizuri, ila umeme ukikatika katikati ya gemu usitegemee miujiza, nguvu inashuka hapohapo. Inachaji kwa USB-C mpaka wati 100, kwa hiyo ukitoka na kazi za kuandika chaja ndogo inatosha, ila gemu inataka ile chaja yake yenyewe ya wati 180. Na kama inakaa kwenye umeme muda wote, ingia MyASUS, programu ya ASUS wenyewe, uifungie chaji isizidi asilimia 80.

Anayenunua iliyotumika, usiishie kwenye stika. Mwambie muuzaji aiwashe, fungua Nvidia Control Panel, ingia System Information, tafuta palipoandikwa Maximum Graphics Power, namba ya wati iko hapo. Ukishaiona ndo muanze kuongea bei.